Bwana Yangu Anajinyima Kazi ya Ndege kwa Kinywa Chake

Mpendwa Mama Mshauri, naomba msaada wako maana mimi nimefika mwisho, ni mwalimu wa praimari hapa Eldoret, kwetu ni upande wa ziwa lakini tumekaa huku miaka mingi, na bwana yangu ni rubani, alikuwa akirusha ile ndege ndogo ya kunyunyizia ngano dawa kule Moiben na Soy, kazi ambayo lazima mtu asimame chini mwisho wa shamba na bendera ndio rubani ajue mstari wa kufuata, na mtu wake wa bendera alikuwa kijana anaitwa Wilson Kipkemboi, walipendana sana hao, Wilson alimwita Kapteni hata sokoni.

Basi mwaka juzi injini ikazima ndege ikiwa chini kabisa, ikaangukia pale pale aliposimama Wilson, bwana yangu akatoka na mguu uliovunjika, Wilson akafa. Wachunguzi wa serikali wakasema ni injini, si kosa la rubani. Mazishi yalipita yeye akiwa hospitali, na aliporudi nyumbani mama mzazi wa Wilson, Mama Rael, akaja kwetu kutoka Moiben amebeba kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya mgando. Mama Mshauri, bwana yangu alijifungia chumbani! Yule mama akanywa chai, hakusema neno baya hata moja, akaniambia tu, "Mwambie nilikuja kuona mguu," akaacha kibuyu akaenda. Bwana yangu, Baba Akello, akakataa kuyaonja yale maziwa, ati yamenenewa laana, yakakaa mpaka yakaharibika, nikayamwaga nikilia, na kibuyu kiko msumarini jikoni hadi leo. Watoto wakigawiwa maziwa ya Nyayo shuleni mimi nakikumbuka.

Sasa mguu umepona, leseni anayo, na kampuni mbili za ndege kubwa zimeshamwita Nairobi kwa intavyuu. Wakimwuliza ajali ilikuwaje, hasemi injini ilizima, anasema tu, "Niliua mtu." Nani atampa abiria mtu wa kusema hivyo? Kampuni ya tatu inamwita mwisho wa mwezi, na rafiki yake Wasike anamwambia afiche, aseme hajawahi kuanguka. Mimi nikimsihi aseme tu ile ya ripoti, ananijibu, "Unataka nimkane Wilson?" Juzi mtoto wetu Akello ameniuliza kama baba yake ni muuaji, nikamwambia akalale. Nifanye nini jamani?

Mama Akello, Eldoret

*

Mama Akello, pole. Pole sana, na umpe pole yangu Baba Akello. Sasa futa machozi unisikilize, maana nina maneno na wewe pia.

Huyo Wasike mwambie anyamaze. Watu wa ndege nchi hii wanajuana wote, na ripoti iko serikalini. Bwana yako akidanganya atafukuzwa kwa uongo, na hapo hakuna mlango mwingine. Ajali peke yake haimalizi rubani. Wanaomwuliza wanataka kujua kama ameelewa lililotokea, au kama bado limemkalia kifuani. Na bado limemkalia, wewe mwenyewe unaona.

Lakini anaungama kwa watu wasiohusika! Mabwana wa tai shingoni kule Nairobi hawakumzaa Wilson. Aliyemzaa alikuja mpaka mlangoni kwenu, mtu mzima akajifungia chumbani. Laana gani? Mnaishi Uasin Gishu miaka yote hiyo na hamjui kwamba mama hambebei maziwa mtu anayemchukia? Amezika mtoto wake, kisha akaja kuulizia mguu wa mtu mwingine. Na wewe, mwalimu mzima, umeweka chombo cha mtu msumarini kama pambo. Huko kwenu ziwani ndivyo mnavyorudisha vyombo vya watu? Aibu.

Jumamosi hii, kabla ya Nairobi, nendeni Moiben. Tafuteni mzee wa kanisa anayejulikana huko awatangulie, msimwangukie mama ghafla. Kibuyu usikioshe kwa sabuni, utakiharibu, mwenyewe anajua namna ya kukisafisha. Wala kisirudi peke yake, bebeni sukari na majani ya chai. Kibuyu abebe Baba Akello kwa mikono yake, si wewe. Lile neno alilowaambia watu wa Nairobi amwambie huyo mama, na kama ni kulia, alie huko.

Akienda Nairobi aseme yote: injini ilizima, nilianguka, mtu wangu wa bendera Wilson Kipkemboi alikufa, na wachunguzi walisema hivi na hivi. Amtaje kwa jina. Hapo hajamkana mtu. Na Akello mwambie leo leo kwamba baba yake si muuaji, alifiwa na rafiki.

Kazi anaweza kuikosa bado, sikudanganyi. Wengine wakisikia neno ajali hawataki zaidi. Lakini Mama Rael aliuliza habari ya mguu, na hajajibiwa mpaka leo. Si umepona? Basi aende nao Moiben, mama auone.