Magunzi ya Sifaeli

Jumanne, 2 Septemba 2025

Hospitali tena. Masaa matatu kwenye foleni, dakika nne kwa daktari. Kifua kimebana, pumzi inapiga filimbi. Daktari mwenyewe binti mdogo tu. Akauliza nafanya kazi gani. Nashona, nikamwambia, sare za shule. Akauliza kama nafuga. Paka mmoja. Anajisaidia wapi? Kwenye beseni, kwenye udongo ule wa paka wa dukani, maana uwanja wetu hapa Levolosi ni saruji tupu. Akaacha kuandika. Kumbe ndio huo! Kweli kila nikimwaga unatoa vumbi jeupe mpaka naliona kwenye mwanga wa dirisha. Akasema nichague: vumbi liondoke au paka aondoke.

Nasieku, jirani yangu wa mlango wa pili, hakungoja hata nimalize. Mpeleke sokoni, akasema, akakamate panya kama wenzake. Sokoni! Karani, ambaye akiona panya ananiita mimi.

Miaka minne naye. Aliachwa na yule mwalimu wa Kijerumani niliyekuwa namshonea magauni. Mwalimu akaondoka na masanduku manne, mimi nikabaki na paka na beseni lake. Nikamwita Karani kwa sababu ya ile kola nyeupe shingoni, na kwa kupenda kukalia karatasi zangu za vipimo. Nikizima cherehani ndiye pekee wa kunijulia hali. Haondoki. Udongo ndio utakaoondoka.

Alhamisi, 4 Septemba

Maranda. Nimekwenda Ngarenaro kwa Mikaeli, fundi vitanda, akanijazia kiroba kizima. Msonobari mtupu mama, akasema, harufu yake utaipenda. Harufu kweli nzuri. Karani amechimba, amemaliza, ameridhika, ametoka — na maranda kwenye kila kidole, moja kwa moja juu ya mashati kumi na mawili meupe ya Kidato cha Kwanza! Nimeyachambua kwa kibano mpaka saa kumi. Na vumbi la msumeno limo humo humo. Nimekohoa mchana kutwa.

Maranda hapana.

Jumamosi, 6 Septemba

Pumba za mpunga: nyepesi mno. Karani kaingia kwa kishindo, zikaruka zote, beseni likabaki tupu yeye akiwa katikati, ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyefanya.

Magazeti yaliyochanwachanwa: amelala juu yake. Haja kaenda kufanya nyuma ya mlango.

Maganda ya kahawa: hayo ningeyapata bure nyumbani kwetu mlimani. Nasieku akaingia kwenye simu yake, akasema kahawa ni sumu kwa paka. Nasieku huyo huyo wa kumpeleka sokoni! Naona anaanza kulegea.

Kifua bado.

Jumapili, 7 Septemba

Nimepata! Na nimepata kanisani.

Baada ya ibada tumesimama pale nje kwenye mnada wa mavuno, watu wanagombea mikungu ya ndizi na kuku. Sifaeli, mdogo wangu, kaleta gunia la mahindi. Mnadishaji akapaza sauti: haya ni mahindi ya majivu, ya mzee Sifaeli, hayajui dawa! Gunia likagombewa. Kila mwaka hivyo hivyo. Wenzake wote wanamwagia mahindi ile dawa ya unga ya kuzuia dumuzi, wadudu wanaotoboa punje, yeye anapepeta majivu ya jikoni na kuchanganya, kama alivyofanya baba. Ndilo jina lake hapa. Nadhani hata uzee wa kanisa ulipitia humo.

Ndipo likanijia: magunzi! Gunzi kavu linafyonza maji kuliko sponji, na halina vumbi kama udongo. Yakipondwa kwenye mashine ya chakula cha kuku yatatoka punje punje. Nikamvuta kando. Nikamuuliza waziwazi, wala sikuzunguka: Sifaeli, magunzi yako hayana dawa? Maana paka hujilamba miguu, kila anachokanyaga anakila. Akacheka. "Dada, na wewe tena? Mimi huyu?"

Akanigusa bega. Alhamisi nakuletea, akasema, pamoja na fungu lako.

Alhamisi, 11 Septemba

Kaleta, kama alivyosema. Kiroba cha magunzi yaliyopondwa, na ndoo mbili za unga.

Unga ni fungu langu. Baba alipofariki, kihamba cha mlimani, lile shamba la ukoo, na shamba la chini Kikatiti vyote vilibaki kwa Sifaeli. Wajomba walisema nidai. Nikasema mdogo wangu ana watoto watano, mimi nina cherehani. Yeye mwenyewe akasimama mbele ya mama na wajomba akasema: dada yangu hatanunua unga akiwa hai. Na sijanunua. Miaka kumi na moja.

Karani kanusa beseni jipya, kazunguka mara mbili, kaingia. Kafukia kwa adabu. Hakuna vumbi! Hakuna harufu! Nimeinamia beseni nikavuta pumzi makusudi, kifua kimya.

Jumatatu, 15 Septemba

Usiku wa nne nalala bila pampu ya pumu. Nimejigamba uwanja mzima. Nasieku anataka kiroba kwa ajili ya paka wa dada yake. Nimemwambia ndugu yangu ndiye mwenye mali, hayo si magunzi ya kuokoteza.

Jumatano, 17 Septemba

Karani haeleweki. Jana jioni nilimimina yale ya chini ya kiroba, yamesagika zaidi. Leo asubuhi masikio yanamchezacheza. Nilidhani nzi. Saa nne akaanza kutetemeka mgongo wote, miguu ya nyuma inakwenda kwake, ya mbele kwake. Mate yanamtoka. Nikamshika, ngozi inaruka chini ya mkono wangu kama cherehani isiyo na uzi. Nikamfunga kwenye kanga, nikapanda bodaboda mpaka kwa daktari wa mifugo. Nasieku kanipigia mashati pasi bila kuombwa.

Wamembakiza.

Alhamisi, 18 Septemba

Dokta Lesian ni kijana mpole, anaamkia watu hata akiwa na sindano mkononi. Amemwogesha Karani kwa sabuni, kamtundikia maji. Shikamoo mama, nikuulize usiudhike: ulimpaka dawa ya viroboto ya mbwa? Nikasema sijampaka kitu. Akasema hii inafanana na sumu ya dawa ya wadudu. Kuna dawa ambayo binadamu na mbwa wanaivumilia, paka hawezi, mwili wake haujui kuitoa. Kitu gani kipya nyumbani?

Nikamwambia magunzi. Nilikuwa nimechukua kidogo kwenye kopo. Akanusa. Akanusa tena. Akasema taratibu: mama, haya yana dawa ya mahindi.

Nikamjia juu! Kijana wa watu. Nikamwambia humjui mdogo wangu, mahindi yake yananadiwa kanisani kwa jina. Nikamwambia labda pua yake imechoka na dawa zake mwenyewe. Akaniambia tu kwamba wapo wanaohifadhi mahindi na magunzi yake, bila kupukuchua, na kumwaga dawa juu. Basi sehemu kubwa inabaki kwenye gunzi, na ukilisaga inashuka chini ya kiroba.

Chini ya kiroba.

Mimi pua yangu ya pumu haisikii kitu. Nimemwomba Nasieku anuse. Akapiga chafya, akarudisha kopo, akaniangalia kwa huruma. Sikuipenda ile huruma.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimekwenda Kikatiti. Sikupiga simu.

Sifaeli hakuwepo, yuko kikao cha usharika. Wifi yangu Elinipa alikuwa amekaa chini anapukuchua, kafurahi kuniona, kaniwekea kigoda. Tukapukuchua pamoja, tukaongea habari za watoto. Sikuwa na moyo wa kumuuliza. Mama wa watu ana mikono imechubuka. Nikasema tu: wifi, niondoke na haya machache nikachome. Nikanyoosha mkono kwenye rundo la pembeni.

"Acha hayo wifi! Hayo ya watu, yana dawa. Ngoja nikutolee yetu ya ndani."

Akainuka, akafungua mlango wa stoo. Kuna pipa moja la plastiki, la bluu, limejaa mahindi ya majivu. Hili tunakula sisi, akasema, na mama kule mlimani tunampelekea humu humu. Kule nyuma limelala lundo kubwa la mahindi ya dawa mpaka kwenye mabati, vumbi lake la kijivu. Majivu hayatoshi siku hizi, akasema. Mwaka juzi dumuzi walikula nusu ya stoo, Sifaeli alilia kama mtoto. Tangu hapo.

Nikamuuliza: fungu langu linatoka wapi?

Akarudishia mlango wa stoo. Akasema, muulize mwenyewe, wifi, mimi nimeolewa tu hapa.

Sikuhitaji kumuuliza. Kuna sisi, kuna mama, halafu kuna watu. Kumbe mimi ni watu! Mimi niliyemfundisha kutembea kwa kumshika vidole. Niliyempa shamba lote kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nimerudi mikono mitupu. Njia nzima hasira, halafu nilipofika mlangoni machozi, kwa sababu hakuna aliyekuja kunipokea.

Jumamosi, 20 Septemba

Karani bado. Kainua kichwa, akanitambua, kisha mtetemeko ukarudi. Lesian kasema leo na kesho ndizo zitakazoamua. Nimemwomba radhi kwa ya juzi. Akasema hata hakumbuki, uongo wa adabu. Pale wanamtandikia gazeti, na analitumia bila maneno. Angekubali gazeti nyumbani tusingefika huku. Ningekubali mimi maranda, na kufagia, tusingefika huku. Nilitaka kizuri zaidi, na nilijua pa kukipata.

Nimemwaga magunzi yote, nimeosha beseni mara tatu na glovu.

Unga sijaumwaga. Ndoo moja imeisha, ya pili iko nusu. Nimekaa naitazama. Miaka kumi na moja nimekuwa nikisali kabla ya ule ugali na kumtaja Sifaeli kwa jina. Tangu mwaka juzi nilikuwa nalishukuru lile lundo la nyuma.

Simu yake mara nne. Sikupokea. Mara ya tano ujumbe: Dada, Elinipa kanieleza, kesho baada ya ibada nakuja, usimwambie mtu kwanza.

Usimwambie mtu kwanza! Hajauliza paka yukoje.

Jumapili, 21 Septemba

Sikwenda kanisani.

Amekuja. Yuko hapo sebuleni sasa hivi, mimi naandika jikoni nyuma ya pazia, daftari juu ya mfuniko wa ndoo ya maji. Suti ya kijivu, Biblia mkononi. Shikamoo dada. Marahaba. Akakaa pembeni ya kiti kama mgeni.

Aliongea sana. Dumuzi, mvua, ada. Akasema watu wameshalizoea jina la mahindi ya majivu, angewaambiaje? Kila Jumapili alitaka kusema, kila Jumapili mnadishaji akamtangulia. Hapo nilimwonea huruma kidogo, si uongo, nilimwona tena na kaptula yake iliyochanika. Nikamuuliza: lakini mimi nilikuuliza kando, Sifaeli, hakukuwa na mnadishaji. Akainamisha kichwa. Akasema alidhani ni paka tu.

Nikasema, na unga?

Akasema unga hauna neno. Dawa ile imeruhusiwa, ukikaa miezi inaisha nguvu, mahindi yanapepetwa, yanakobolewa, nchi nzima inakula. Wewe mwenyewe dada, umekula miaka miwili, umeumwa nini? Hauna neno kabisa. Alisema hivyo mara tatu.

Nikasema sawa. Nikasema umekuja saa ya chakula, hutaondoka na njaa kwangu.

Nimesonga ugali. Nilichota unga kwenye ndoo aliyoileta yeye, pazia likiwa wazi, aone. Aliona. Nimempakulia na mchicha na maharage, nimemnawisha mikono. Akaomba kwa ajili ya chakula, sala ndefu, akaombea na mikono iliyokiandaa. Nikasema amina, nikasema naenda kutazama chai.

Lesian hajapiga simu. Nimeiweka hapa pembeni, sauti juu.

Namwona kupitia upenyo wa pazia. Alianza na mchicha. Anakula kwa ncha za vidole, bila kumega. Sasa maharage, ameomba kijiko, nikampelekea. Ugali uko pale ulipokuwa, umeanza kupoa, umetoa ganda juu. Amekunja mikono ya suti. Ameikunjua.

Dakika kumi. Mchicha umekwisha. Maharage yamekwisha, amekwangua bakuli.

Ananiita. Anauliza, dada, hakuna hata ndizi mbili tatu zilizobaki?