Msichana wa Siku za Wageni

Chuoni, Mombasa
14 Machi 1966

Kaka yangu Kaingu,

Mwili wangu hauna neno, ila roho yanichafuka. Vipi hali zenu huko Kaloleni? Shemeji kifua kimepoa? Na mwanao Kadzo, asoma?

Nilikuahidi habari za masomo ya umeme. Basi, juzi walikuja wageni wa Jumuiya inayotulipia karo sisi wasichana wa mashambani tusiowahi kupewa nafasi ya ufundi. Nikavishwa ovaroli mpya, nikapewa koleo, nikasimamishwa mbele ya redio iliyofunguliwa. Wakanipiga picha. Gari lao halijafika Ganjoni, mwalimu wetu Bwana Barnabas akaninyang'anya koleo. "Haya Mbeyu, kachemshe chai." Wavulana wakaendelea na redio. Tangu Januari kazi yangu ni chai na ufagio. Nimechukizwa.

Nduguyo,
Mbeyu


Kaloleni
2 Aprili 1966

Ndugu yangu Mbeyu,

Sisi wazima. Shemejiyo bado akohoa, lakini aamka. Picha yako ya gazetini imefika. Nimeibandika ukutani, watu waja kuitazama kama waendao harusini. Mwalimu Kenga aliyekufundisha kusoma alikutaja kanisani. Sasa waniambia chai? Chemsha chai, dada! Nani katika ukoo wetu amewahi kushika cheti? Usitutie aibu.

Kakako,
Kaingu


Mji wa Kale, Mombasa
30 Juni 1966

Kaka Kaingu,

Natumai mvua hazikuwasumbua na shemeji amepata nafuu. Mimi mzima, lakini siko chuoni tena. Usiitupe barua, isome yote.

Jumamosi moja mapema mwezi huu palikuwa na karamu ya Jumuiya. Mwenyekiti alinishika kidevu mbele ya watu, kama anunuaye mbuzi. Mkono wake ulinuka samaki. "Huyu tulimtoa porini," akasema. "Hakujua sabuni wala kiti. Leo aunda redio!" Wakacheka midomo imejaa, mafuta yakiwatiririka. Nikasema kwa sauti, "Kwetu twaoga, bwana. Na redio sijaishika ila siku za wageni."

Jumatatu nikaambiwa niombe radhi. Nikakataa, nikatolewa bwenini. Mwanabaraka, mwenzangu darasani, amenichukua kwao. Ami yake, Bwana Taib, ana duka la kutengeneza redio Makadara. Alinipa redio mbovu, akasema, "Ukiiharibu, utaitengeneza." Sasa nashika waya kila siku.

Nduguyo,
Mbeyu


Kaloleni
15 Julai 1966

Mbeyu,

Tu hai. Mwenyekiti wako amekuja mwenyewe na gari, akala muhogo kwangu, wala hakukutukana. Alihuzunika tu. Ataka msichana mwingine wa kwetu ajaze nafasi uliyoitupa. Nimempa Kadzo. Usimkaribie, usimwambukize kiburi chako. Usiandike tena.

Kaingu


Makadara, Mombasa
30 Julai 1966

Kaka,

Msalimie shemeji. Umenikataza, lakini nakuandikia hii moja. Usiniamini mimi. Siku wakialika wageni, njoo usimame mlangoni, usikilize. Usimwambie mtu.

Nduguyo,
Mbeyu


Kaloleni
22 Novemba 1966

Ndugu yangu Mbeyu,

Nakusalimu kwa haya. Shemejiyo amepona, nasi sote tu wazima, Kadzo pia. Yuko hapa nyumbani.

Kadzo aliandika kuwa Jumamosi pana karamu ya wageni, nami nikakumbuka neno lako, nikaja Mombasa bila kukuarifu. Nilisimama mlangoni mwa ukumbi, kati ya watumishi waliobeba masinia. Kadzo alikuwa amesimamishwa mbele. Mwenyekiti akamwekea mkono begani. "Maskini huyu ni yatima," akasema. "Babake alikufa kwa ulevi, nasi tukamwokota." Wakapiga makofi. Mama mmoja akapangusa machozi kwa kitambaa cha meza, kisha akajiongezea wali. Kadzo aliniona, akainamisha uso.

Nikaita, "Kadzo, twende."

Mwenyekiti akanitazama kwa kinyaa, hakunikumbuka. "Wewe nani?"

Nikamwambia, "Mimi ndiye marehemu."

Kadzo alitapika njiani, nami nikamshika kichwa. Akaniambia walimfundisha kusema, "Baba amekufa," na akikosea humfanya arudie. Mtoto wangu, Mbeyu! Na mimi ndiye niliyempandisha garini nikicheka. Tangu siku ile nikikumbuka makofi yale, natema mate chini.

Bado ataka kujifunza ufundi. Muulize Bwana Taib kama atampokea. Akubali, asikubali, Jumapili tunakuja. Kwa barua yangu ile ya Julai nina neno la kukuambia, nami sitaki kuliandika.

Kakako,
Kaingu