Kiraka chenye mapovu

Ijumaa, Lyulilo. Upepo wa mwera umevuma tangu asubuhi, ziwa limechafuka. Naandika kwenye simu kwa kidole kimoja.

Shule niliishia darasa la tatu. Lakini ufukwe huu wote, kuziba mtumbwi hakuna anayenifikia. Zamani niliziba kwa lami, siku hizi kwa plastiki: nakata madumu mabovu, nayayeyusha kwenye sufuria chakavu, namimina kwenye ufa. Mafundi wa Matema wananiiga tu.

Jana nilikuwa naziba mtumbwi wetu. Mke wangu, mama Ambwene, ni Mkisi wa Ikombe, kwa wafinyanzi, na leo alikuwa anakwenda kwao na binamu yake kuchukua vyungu vya dada yake kwa soko la kesho. Madumu nilikuwa nimeyasuuza ziwani, sikungoja yakauke. Sufuria ikatoa mapovu kama uji. Mimi nikajua imeiva.

Sasa, mke wa mwanangu Ambwene aliwahi kufanya kazi kiwanda cha plastiki Mbeya. Lakini kwetu Wanyakyusa, mkwe wa kike na baba mkwe hawaonani. Vijana wameacha, mimi sijaacha. Nikipita yeye huingia migombani. Jana akapaza sauti kutoka nyuma ya jiko, anamwambia mke wangu ili nisikie mimi.

"Mama, mwambie baba asimimine! Hayo mapovu ni maji na mvuke vinatafuta njia. Akoroge vitoke, angoje mpaka itulie. Kiwandani mashine ina tundu la kuvinyonya."

"Mwambie kiwanda chake kiko Mbeya," nikasema. "Ziwa liko hapa."

"Gwe mzee," mke wangu akacheka, "mimi ndiyo simu yenu?"

Nikamimina.

Leo mchana, mtumbwi umeshaondoka zamani, nikagonga kwa nyundo bonge lililobaki kwenye sufuria. Likapasuka. Nje linang'aa, ndani matundu matupu kama andazi.

Kiraka cha sufuria hiyo hiyo kiko chini ya miguu ya mke wangu.

Nikapiga simu yake, haipatikani. Nikajiambia kuogelea anajua. Anajua, ndiyo, ila miaka hii goti lake halikunjiki. Na anarudi na mzigo, na mwera unamsukuma kwenye miamba.

Nikaenda uani kwa mkwe wangu. Sijawahi kukanyaga pale. Akageukia ukuta, kitenge usoni.

"Usigeuke, mwanangu. Kile kiraka kitashika?"

Akageuka, akanitazama.

"Mtumbwi mtupu labda, baba. Wenye vyungu, wimbi likikikunja kitakatika."

Akampigia kaka yake mwenye boti ya injini. Boti ikaondoka, mimi nikabaki nimesimama majini hadi magotini. Watu wakauliza, mzee unangoja nini? Nikazidi kuingia majini, macho kwenye miamba.

Waliwakuta karibu na miamba, mke wangu na binamu yake, wanachota maji kwa chungu. Vyungu vingi wameshavitupa. Kiraka kimekatika katikati.

Aliteremka ameloa chapachapa, meno yanagongana. Nikasema ndaga Kyala, asante Mungu. Yeye akasema, "Vyungu vya dada yangu viko chini kule. Nenda kavizibe."

Amelala sasa. Nimemsikiliza anavyopumua, mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema.

Nilidhani hofu itaisha akifika. Haijaisha, imehama tu. Mwaka huu nimeziba mitumbwi mingi, hesabu sina. Kote nilimimina vile vile, na kote nilijisifu.

Kesho ni soko. Watakuja kutoka Ikombe na kwingine, wamepakia vyungu, wamepakia watoto, wamekanyaga viraka vyangu. Alfajiri nitatangulia ufukweni niwaambie wote wavibandue, kabla hawajarudi majini.

Ulimi huu uliozoea kujisifu, utaweza?