Jiwe Likipita Karibu na Ndege

Mjukuu wangu Zubeda, asalaam aleikum. Huku bondeni tu wazima, mama yako kavuna ufuta. Naandika mwenyewe, sikuomba mtu.

Umeuliza mashine za kamari zina utamu gani. Miaka ile ya biashara huria ililetwa moja Kibiti. Siku hiyo bibi yako ana homa, kanituma dawa, nirudi upesi dunguni, kwenye kichanja cha shambani, kuamia mpunga ndege wasiule.

Unatia sarafu, unavuta mkono wa mashine, picha tatu zinazunguka. Zikilingana umeshinda. Zangu zikalingana mbili, ya tatu ikapita kidogo tu.

Sasa mimi kwa kombeo sikuwa na mpinzani. Jiwe likipita karibu na ndege, linalofuata linampata. Nikajua shabaha nimeipata, nikazidi kutia sarafu. Kumbe mashine haikumbuki kitu, kila ukivuta inaanza upya. Lakini kule kukaribia, mjukuu, kulikuwa kutamu kuliko kushinda.

Nikarudi jioni. "Nilikaribia, mke wangu."

"Wewe umekaribia," akasema, "ndege wamefika."

Hadi anafariki hakuniomba tena kuamia. Alipanda dunguni mwenyewe, hata na homa, nami mlenga shabaha nimekaa barazani na ukaidi wangu. Radhi sikumwomba. Naiandika kwako.

Babu yako