Mjomba wa Paskalina

Geita, 3 Mei 1999

Mwanangu Gregory,

Hujambo huko chuoni? Sisi wazima, ila wachimbaji wananimalizia maandazi kabla hayajapoa.

Dada yako Paskalina ameposwa! Nafurahi, lakini roho inaniuma. Wakwe wanataka kumjua mjomba wake, nami sina wa kumtaja. Marehemu Bernadina, mpishi wa misheni aliyenilea, alifariki nikiwa na miaka saba. Alichoniachia ni jina langu la kuzaliwa tu: Shija, mtoto anayefuata mapacha. Misheni ikafungwa, wamisionari wakaondoka na vitabu vya kumbukumbu. Harusi ni Agosti. Upande wangu atasimama nani?

Mama yako, Esta

Dar es Salaam, 20 Mei 1999

Shikamoo mama,

Mimi mzima, nimekonda kidogo kwa mitihani. Sikia habari! Wajukuu wa wale wamisionari wameweka vitabu vya misheni kwenye intaneti, na chuoni tuna kompyuta. Nimepanga foleni siku tatu, nimetafuta Shija mpaka macho yakauma. Hamna. Pole sana mama.

Mwanao, Gregory

Geita, 4 Juni 1999

Wewe Gregory,

Salamu nitakupa nikishatulia. Yaani unanitafuta mimi? Mimi si nipo hapa Geita! Kichanga cha siku moja nani angekiandika jina? Tafuta wale mapacha, Kulwa na Doto! Umeona wapi nyumba ya Kisukuma ina Shija halafu haina Kulwa na Doto? Wasomi nyie! Rudi kwenye foleni.

Haya, hujambo? Ule vizuri.

Mama yako

Dar es Salaam, 22 Juni 1999

Shikamoo mama, nisamehe,

Kaa kwanza. Nimewapata! Kitabu cha mwaka 1949: Asteria, mjane wa Mihayo wa kijiji cha Mhunze, amefariki akijifungua. Kichanga cha kike kimechukuliwa na Bernadina. Kulwa na Doto, wavulana wa miaka mitatu, wamechukuliwa na baba yao mdogo aishiye Kagongwa.

Nililia mbele ya kompyuta, foleni nzima ikanipa pole.

Mwanao

Kagongwa, 18 Julai 1999

Mwanangu kipenzi,

U mzima? Mimi sijawahi kuwa mzima hivi! Barua yako niliisoma nikikaanga maandazi. Yaliungua yote, nikapanda basi na aproni yangu. Hapa Kagongwa nikamuuliza Mumtaz mwenye duka kuhusu mapacha wa Mihayo. Akacheka: "Wale wanaobishana kila asubuhi?" Akanipeleka mwenyewe.

Gregory, wana pua yangu! Waliambiwa nilikufa pamoja na mama. Kulwa alinishika mikono. Doto akauliza, "Shija, ulichelewa wapi?" Nikacheka, nikalia, sijui kipi kilitangulia.

Sasa wanagombana nani asimame kama mjomba wa Paskalina. Nilipotaka kuwaamua, wakanigeukia wote wawili: "Nyamaza, wewe mdogo!" Miaka hamsini hakuna aliyewahi kuniita mdogo wake. Nikanyamaza kwa raha zangu.

Mama yako, Shija