Mama Aliyefunika Wanawe

Shikamoo Mayu, mama yangu,

Hapa Geita vumbi jekundu limeingia hadi kwenye vitabu vyangu. Picha iliyo nyuma ya kadi hii nimeichapa mwenyewe kwa Mama Neema, jirani wa shangazi. Yeye huchonga ubao, huupaka wino, hulaza karatasi juu yake na kuisugua kwa mgongo wa mwiko. Huchora wanawake waliofiwa vitani. Huyu wa kwenye kadi anawafunika wanawe kwa kitenge wasipelekwe kupigana.

Mara ya kwanza nilisugua taratibu kwa kumhurumia. Uso wake ukatoka hafifu, hauna macho.

“Unasugua kama unabembeleza mtoto alale!” Mama Neema akacheka. “Kandamiza, mwanangu. Ukimhurumia hivyo unamfuta.”

Nikakuwaza wewe. Tangu kaka Masanja arudishwe kutoka jeshini Kongo ndani ya jeneza, sisi watoto hatumtaji mbele yako, tukidhani tunakupunguzia uchungu. Nisamehe, Mayu. Jumapili nitakuwa nyumbani Didia. Naomba unisimulie habari zake, hata kama tutalia sote.

Ule vizuri, na Mungu akushike mkono.

Mwanao,
Kabula