Sili ya Difu na Mazishi ya Igalula

Idrisa, mume mwenzangu,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Tabora tu wazima kwa rehema za Mola, ila bibi yako, mke wetu, goti limemzuia kwenda msikitini, na hilo linamliza.

Umeniuliza kama difu inayovuja kwenye ekseli ya nyuma ya pikapu yako uiongezee oili tu, au ubadili sili, ule mpira unaozuia oili. Baba yangu alikuwa mtu wa kuongeza. Kila alfajiri akitoka kuswali, alilala chini ya gari na kopo lake la oili. Mama alimtania, "Hilo gari linanyonya kuliko mtoto." Naye alijibu, "Likiacha kuvuja ndiyo uogope, ujue limekauka."

Siku moja ikaja habari kwamba bibi, mama yake baba, amefariki huko Igalula. Tukaondoka saa ileile, na kwa haraka ya msiba kopo likabaki nyumbani. Katikati ya pori difu ikaanza kulia, ikatoa moshi, tukasimama. Maiti hacheleweshwi, unajua. Tulipofika kwa miguu, watu walikuwa wametoka makaburini, wananawa mikono. Baba hakuuona uso wa mama yake.

Gari lilipovutwa hadi Tabora, alifungua mwenyewe propela shafti inayoingia kwenye difu, akang'oa sili iliyochakaa, akagonga mpya taratibu kwa kipande cha mti. Adhuhuri haijaadhiniwa, alikuwa amemaliza. Akakaa pale chini, mikono imejaa oili, akasema, "Kumbe ni kazi ya asubuhi moja."



Mola akulinde njiani,
Babu yako